BEI YA CHOMBO NA THAMANI YA SAA
Somo kwa Maseremala

Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba kitu rahisi ndicho kilicho ghali. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini halimtoshi seremala mwenye banda lake, fedha kidogo mkononi na karo ya watoto inayomngoja. Yeye hana budi kufanya hesabu.

Tutwae mfano wa patasi. Tuseme moja yauzwa Sh. 400, na nyingine Sh. 2,000. Kwa macho zafanana. Lakini chuma cha ile ya kwanza ni laini, nayo huhitaji kunolewa mara 8 kwa siku, kila mara dakika 10. Jumla yake ni dakika 80. Ya pili hunolewa mara 2, yaani dakika 20. Basi patasi njema humrudishia fundi saa moja kila siku aitumiapo. Ikiwa saa yake ina thamani ya Sh. 100, zile Sh. 1,600 alizoongeza zitarudi katika siku 16 za kazi. Atumiaye patasi siku moja tu kwa juma atangoja majuma 16.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Saa iliyookolewa si fedha mpaka ipate kazi ya kuijaza. Fundi mwenye wateja wachache, akikopa ili anunue vyombo vizuri, atakuwa na vyombo vikali na deni kali zaidi. Huyo na anunue kimoja kimoja, akianza na kile ambacho makali yake yaliwa kila siku: patasi, chuma cha randa, msumeno. Nyundo na koleo zaweza kuwa za kawaida.

Aangalie pia mbao zake. Msonobari ni laini. Mvule ni jambo jingine, maana mara kwa mara ndani yake mna vijiwe vigumu vya namna ya chokaa, navyo hufuta makali mara moja.

Wala tusidharau vyombo vinavyofuliwa kwetu. Huko Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hufua vyuma vikuukuu, na chuma cha springi ya motokaa ni chuma chema. Kikitiwa moto hata kiwe chekundu, kikazamishwa katika mafuta, kisha kikapashwa moto kidogo tena ili kisikatike upesi, huchukua makali vizuri. Kikifanywa kwa haraka, hakifai.

Hata chombo ghali chaweza kuharibiwa kwa dakika moja juu ya jiwe la kunolea la mota. Ncha ya patasi ikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha kutoka. Ichovye katika maji kila mara.

Na kabla hujatoa fedha, mwombe mwenye duka ruhusa upitishe tupa mpya polepole karibu na makali. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kama ilavyo msumari, mrudishie patasi yake.