Nilivyouchora Mti wa Hitilafu wa Kinu cha Mpunga

Jioni moja ya msimu wa mavuno, katika kinu cha kukobolea mpunga hapa Ngorongo ambamo nilikuwa mwangalizi wa mashine, beringi ya shafti kuu ilipata moto hata ikawa nyekundu, na pumba zilizolundikana chini yake zikawaka. Fundi alipolikimbilia tangi la maji na kufungua bomba, likatoa pumzi tupu, tukalazimika kuuzima moto kwa mchanga na magunia tuliyoyalowesha kwa maji yetu ya kunywa. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Asubuhi yake nikaupasua mfuko wa saruji, na juu ya karatasi yake nikauchora mti wa hitilafu, kwa namna ambayo napenda kumweleza kila mwenye mashine katika bonde hili la Rufiji.

Elimu hii iliasisiwa mwaka 1962 na H. A. Watson wa Bell Telephone Laboratories, huko Marekani, alipokuwa akichunguza usalama wa mtambo wa kurushia makombora ya Minuteman, kisha ikaenea katika vinu vya nyuklia na viwanda vya kemikali. Walakini haitaki zaidi ya kalamu na subira.

Mti huu huota kichwa chini. Juu kabisa andika msiba mmoja mahsusi unaouhofia: mimi sikuandika "ajali", maana neno hilo ni pana mno, bali "moto unateketeza kinu". Chini yake nikaweka lango la "na", kwa kuwa sharti moto uwake na sharti ushindikane kuzimwa. Kuwaka nako kulitaka mambo mawili kwa pamoja, pumba zilizo karibu na joto la kutosha. Lakini joto likapata lango la "au", kwani beringi iliyokauka grisi yatosha peke yake, au waya uliochubuka, au bomba la moshi la injini. Penye "na", ukikata tawi moja, lililo juu yake hukauka. Penye "au", huna budi kuyakata yote. Ndiyo maana naona ufagio una thamani kuliko beringi mpya, maadamu beringi huziba njia moja tu ya joto, ilhali ufagio hulifunga lango zima.

Baada ya hapo nikaliendea daftari la kazi. Katika siku 300, beringi ilipata moto siku 3, na tangi lilikutwa tupu siku 15. Penye "na" huzidisha: moja kwa 100 mara moja kwa 20 ni moja kwa 2,000, yaani zaidi ya miaka sita ya kazi kabla mabaya hayo mawili hayajakutana. Nikafarijika, hadi nilipozitazama tarehe: siku zote 3 za beringi zilikuwa miongoni mwa zile 15 za tangi tupu.

Pampu ya kisima, iliyolijaza tangi, ilivutwa na injini ile ile ya kinu kwa mkanda wa pembeni, na wateja walipojipanga na magunia yao tuliuvua mkanda huo ili nguvu zote ziende kwenye kinu. Haraka hiyo hiyo ndiyo iliyotusahaulisha grisi na ufagio. Matawi niliyodhani yako mbalimbali yalikuwa na mzizi mmoja, na hatari yangu haikuwa moja kwa 2,000, bali moja kwa 100. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaonyesha wakulima wa Rufiji na Kibiti jambo hilo hilo, kwa kuwa mwenye mashamba mawili katika bonde moja hakuwa na shamba la akiba. Basi ukimaliza kuchora, pitia kila tukio la chini kabisa na uulize kama halijajificha pia kwenye tawi jingine.

Siku hizi tangi hujazwa alfajiri, kabla injini haijawashwa, na pumba hufagiliwa kila baada ya magunia kumi. Kwenye tawi la waya nimetia alama ya kuuliza. Fundi wa umeme bado tunamngoja kutoka Ikwiriri.