Mama Mja Mzito Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Maradhi ya kuambukiza yanapoenea duniani, watu huhesabu wagonjwa na maiti. Hesabu ya mama waja wazito na ya watoto walio bado tumboni husahauliwa mara nyingi. Twapenda leo kuifikiri pamoja na wazazi Wakristu, maana kifo huwajia hao kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mimba ikiwa kubwa, mapafu hubanwa na moyo hufanya kazi kupita kawaida. Ndiyo sababu ugonjwa wa kifua humlemea mama upesi. Katika homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, daktari Harris wa Marekani alikusanya habari za waja wazito 1,350 waliougua. Katika kila 100 walikufa 27. Karibu nusu ya wagonjwa wote walipata kichomi, na katika hao wenye kichomi, nusu walikufa. Karne moja baadaye UVIKO-19 ulirudia somo lile lile. Uchunguzi wa nchi 18, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waja wazito walioambukizwa walipatwa na kifafa cha mimba, walizaa kabla ya wakati, na walikufa, zaidi kuliko wenzao wasioambukizwa.

Mlango wa pili ni hofu. Ebola ilipoingia Sierra Leone mwaka 2014, watu wengi waliiogopa hospitali kuliko kaburi. Waliozaa hospitalini walipungua kwa 11 katika kila 100. Lakini kiwango cha vifo vya mama humo kilipanda kwa 34 katika kila 100, na cha watoto waliozaliwa wafu kwa 24. Mama anayengoja nyumbani hata hatari imshinde, humfikia mganga saa ambayo mganga hana la kufanya.

Pengine njia yenyewe hufungwa. Mwezi wa Machi 2020 serikali ya Kenya ilikataza watu kutembea usiku. Amri ile ilikuwa na sababu yake, lakini uchungu wa kuzaa haungoji mapambazuko. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi, alipoona mama wanakosa njia, alianzisha mpango wa kuwachukua usiku kwa teksi na magari ya wagonjwa, bila malipo.

Basi, yatupasa nini? Mlango wa kwanza si rahisi kuufunga wote, ingawa kunawa mikono, kumtenga mgonjwa na chumba cha mama, na kukubali chanjo ambayo mganga anamshauri mja mzito, husaidia sana. Nayo kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Lakini mlango wa pili tunaweza kuufunga sisi wenyewe. Mama asiache kliniki kwa uvumi wa sokoni. Baba aweke akiba ya nauli mapema, tena ajue ni gari la nani litakalopatikana usiku wa manane. Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, akivimba uso, au mtoto akiacha kucheza tumboni, waondoke saa ile ile.

Wako wasemao, "Mungu atatulinda." Nasi twasadiki hivyo. Lakini kuomba ulinzi wake huku tukiikataa dawa aliyotujalia ni kumjaribu Mungu. Bikira Maria aliposikia kwamba Elizabeti ana mimba, hakumpelekea salamu tu; alikwenda kwa haraka hata nchi ya milimani, akakaa naye yapata miezi mitatu.

Kila jumuiya na iwajue waja wazito wake kwa majina, na ijue ni nani atakayekwenda kubisha hodi kwao siku maradhi yatakapofunga milango ya wengine.