Ukipangiwa Shule: Mbinu kwa Muuguzi wa Zahanati

Mganga mfawidhi amekukabidhi shule ya msingi ya jirani. Usisubiri siku ya chanjo ndipo ukanyage pale. Siku ile utaona foleni tu. Nenda mapema uwajue watoto kabla hawajaumwa.

Ripoti kwa mwalimu mkuu, kisha mtafute mwalimu wa afya. Huyo ndiye mwenzako. Salamu zikiisha, omba daftari la mahudhurio, mlipitie pamoja jina kwa jina. Binti anayekosa siku mbili tatu kila mwezi. Mvulana anayepotea kila baridi ikiingia. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mapunye na hajaonekana tena. Hapo tayari una kazi ya kuanzia.

Huyo wa mapunye mfuate nyumbani. Mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi, na akishaanza dozi arudi darasani. Kazi hii ina mizizi yake: mwaka 1902 jijini New York, muuguzi Lina Rogers alianza kuwatibu shuleni na kuwafuata majumbani watoto waliokuwa wakifukuzwa masomoni kwa chawa, mapunye na trakoma. Wakarudi shule.

Sasa andaa orodha ya wenye pumu, kifafa, selimundu na kisukari, kwa ridhaa ya wazazi. Ikae kwa mwalimu wa afya, isibandikwe ukutani. Anayetumia ARV usimwandike humo kabisa. Habari yake ni yako, yake na ya mlezi wake.

Kifafa kipe muda wa kutosha, maana ndipo watu hukimbia. Waambie walimu wazi kwamba povu la mgonjwa haliambukizi. Kisha wafanye kwa vitendo: mmoja alale kwenye mkeka, wengine wasogeze madawati, wamgeuze alale ubavu, wamwekee sweta chini ya kichwa. Asishikwe kwa nguvu. Asitiwe kijiko mdomoni. Mtu mmoja atazame saa. Degedege likizidi dakika 5, hospitali. Rudieni zoezi mpaka kila mwalimu amejaribu.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na aende chooni bila kuombaomba ruhusa. Asiadhibiwe kwa kukimbizwa uwanjani, asiachwe kwenye mvua. Akipata homa, aletwe zahanati siku hiyo hiyo.

Siku ya dawa za minyoo na kichocho, uji kwanza. Praziquantel kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto mmoja akitapika, kufikia saa sita kijiji kizima kimesikia kwamba dawa ni mbaya. Kwenye fimbo ya kupimia urefu, mtoto avue viatu na asimame wima, kwa sababu idadi ya vidonge inatokana na pale kichwa kinapofikia. Albendazole itafunwe mbele yako. Anayelia usimlazimishe, anaweza kupaliwa. Msubiri atulie. Ukiondoka, mwachie mwalimu wa zamu namba yako ya simu.

Chanjo ya HPV inahitaji maandalizi ya wazazi kuliko kitu kingine chochote. Omba dakika chache kwenye kikao cha wazazi, wiki kadhaa kabla. Waeleze kwamba inakinga virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba haimzuii binti kuzaa baadaye. Swali hilo la uzazi litaulizwa. Usilikasirikie, lijibu kwa upole hata likirudiwa. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo mzazi hana haja ya kuhofia safari ya pili. Siku yenyewe chanjia ndani ya darasa, wanaosubiri wasiione sindano. Akishachomwa akae dakika 15 karibu na mtu mzima. Mmoja akizimia mbele ya wenzake, wengine hufuata kwa woga.

Macho mfundishe mwalimu apime mwenyewe. Chati ya herufi E, mita 6, jicho moja moja, jingine lifunikwe kwa kiganja bila kulibonyeza. Asiyeuona mstari wa 6/12 mpe rufaa, na leo hii ahamie dawati la mbele.

Kabla hujatoka getini, pita vyooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu. Angalia kama mlango wa wasichana una komeo, kama kuna maji ya kujisafishia wakati wa hedhi, kama kibuyu chirizi kina maji na sabuni. Yaandike kwa ufupi, kamati ya shule ipate barua.

Rufaa zote ziandike kwenye daftari lako, na tarehe ya kuulizia pembeni. Wiki moja baadaye mpigie mzazi. Kama hajaenda, muulize kimemkwamisha nini. Ikiwa ni nauli, kaa na mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji mtafute njia, kisha mpange siku nyingine ya kumpeleka mtoto.