Mbeya au Dar es Salaam? Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mzazi wa Kyela

Kila mwisho wa mwaka mkulima mwenye fedha ya mpunga au kakao, na mtumishi aliyehamishiwa huku ziwani, hujiuliza swali moja: mtoto aende shule ya Mbeya au ya Dar es Salaam? Wengi hulijibu kwa jina la shule na rangi ya basi lake. Nimelea watoto wa bweni kwa miaka mingi. Walioumia mbele ya macho yangu hawakuumizwa na maabara haba wala Kiingereza kibovu. Mji haukuufaa mwili wao, au mzazi alikuwa mbali mno siku alipohitajika. Anza na hayo mawili, jina la shule lifuate.

MWILI WA MTOTO: FANYA

Mpime sikoseli kabla hujalipa hata shilingi moja. Kyela ni joto. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inaingia mifupani. Baridi huamsha maumivu ya sikoseli. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na unapatikana zaidi kwenye maeneo yaliyozoea malaria, kama haya yetu. Nilimpokea mvulana kutoka mwambao ambaye kwao walisema ana miguu inayouma tu. Juni ilipoanza alilia usiku kucha, na mwalimu wa zamu akadhani anakwepa mbio za asubuhi. Alipimwa baada ya kuzidiwa. Kama mtoto wako ana sikoseli, na Dar es Salaam una ndugu wa kuaminika kweli, mpeleke Dar: kuna joto na kuna Muhimbili. Hiyo ndiyo sababu ninayoikubali bila ubishi ya kumpeleka mtoto mbali namna hiyo.

Mwandikie matroni kwamba mtoto ametoka eneo la malaria. Malaria hujitokeza wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi. Mtoto anaondoka Ipinda mzima, anaanguka akiwa Mbeya, mahali ambapo kila anayetetemeka husemwa ana mafua. Taka apimwe siku hiyo hiyo homa inapoanza, wala usione haya kupiga simu mara ya pili kuuliza majibu.

Akirudi likizo, alale ndani ya chandarua kuanzia usiku wa kwanza. Mwili uliokaa muda mrefu kwenye baridi unasahau kupambana na malaria. Kaka yake aliyebaki nyumbani huenda akaumwa kichwa siku mbili tu. Yeye anaweza kupata degedege.

MWILI WA MTOTO: USIFANYE

Usifiche ugonjwa kwenye fomu ya kujiunga. Pumu, kifafa, kukojoa kitandani, andika vyote. Wazazi huficha wakiogopa mtoto atakataliwa. Shule inayomkataa mtoto kwa sababu ya pumu isingemtunza akiugua, kwa hiyo ni heri ujue mapema. Na anayekojoa kitandani, usipotuambia wewe tutaambiwa na wenzake, nao watakuwa wamewaambia watu wote.

UMBALI: FANYA

Hesabu saa, usihesabu kilomita. Kosta ya Kyela kwenda Mbeya kupitia Tukuyu ni saa tatu hivi, hata ukiongeza ukungu wa Isyonje. Dar es Salaam ni siku nzima au usiku mzima, Kitonga na Mikumi zikiwa njiani, halafu uanze kutafuta usafiri kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ukipigiwa simu saa nne asubuhi kwamba mtoto anaingizwa chumba cha upasuaji kwa kidole tumbo, Mbeya utafika siku hiyo hiyo. Dar utafika kesho.

Panga likizo fupi ya masika mapema. Huangukia wakati Mbaka na Lufilyo zimejaa na barabara za mwambao zimekatika. Familia za Matema na Ikombe zinalijua hili, lakini kila mwaka kuna mtoto anayekwama mjini akingoja maji yapungue. Tafuta Tukuyu au Mbeya nyumba moja ya kumpokea, na jina la mwenye nyumba liwe kwenye faili la shule.

UMBALI: USIFANYE

Usimpandishe mtoto basi la usiku peke yake ukamkabidhi kwa kondakta. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, na tangu hapo wazazi wameliona jambo hili kuwa la kawaida. Kondakta ana abiria wengi na mizigo. Hawezi kujua ni nani aliyemshika mtoto mkono kwenye kituo cha chakula.

Usichague Dar kwa sababu tu shangazi yake anakaa Mbagala. Kwanza uliza nani ataamka saa kumi alfajiri kumtoa mtoto akapande basi la shule. Uliza atalala chumba gani, na nani mwingine analala humo. Uliza mbele ya shangazi na mumewe, bila kuzungukazunguka. Nimeona mabinti waliotumwa kusoma wakageuzwa wafanyakazi wa ndani, na watoto, wa kike na wa kiume, waliochezewa na watu wa nyumba hiyo hiyo wakanyamaza kwa sababu waliambiwa mjomba ndiye anayewalipia. Kama maswali haya yanamchukiza ndugu yako, umeshapata jibu.

Usimtafutie bweni mtoto aliye chini ya darasa la tano. Waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 uliyakataza mabweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapo wanaoyaita hosteli na kuendelea. Mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kumwogesha na kumsikiliza. Mwache Kyela asome kutwa, alale kwenu.

BWENI: FANYA

Nenda bila taarifa, ingia bwenini, hesabu milango. Bweni la watoto wengi lenye mlango mmoja ni mtego. Tazama madirisha: nondo zisizofunguka kutoka ndani zinatosha kukufanya ugeuze. Kumbuka watoto walioteketea mabwenini: Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Wazazi wa watoto hao nao walikuwa wamelipa ada. Uliza ufunguo wa mlango unashikwa na nani usiku, kisha uulize watoto swali hilo hilo. Majibu yakitofautiana, ondoka.

Pita Ofisi ya Udhibiti Ubora wa Shule ya halmashauri husika uulize kama shule ina usajili wa bweni. Shule inaweza kusajiliwa kwa kutwa tu na bado ikalaza watoto.

Fungua matokeo ya NECTA ya miaka kadhaa, uangalie idadi ya watahiniwa. Uliza darasa hilo lilikuwa na watoto wangapi lilipokuwa la tano. Walianza sitini, wakafanya mtihani thelathini? Wengine wametolewa njiani ili wastani upendeze. Mtoto wako anaweza kuwa miongoni mwao.

BWENI: USIFANYE

Usiridhike na ofisi ya mapokezi. Vigae na picha ya rais haviwalindi watoto usiku.

Usipuuze basi la shule, hasa kwa Dar, ambako mtoto hukaa barabarani saa nyingi kila siku. Mwezi Mei 2017 gari la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa watu 35, wengi wao wanafunzi. Hesabu viti na watoto, mwangalie dereva usoni asubuhi. Ukiona watoto watatu kwenye kiti cha wawili, sema hapo hapo.

ADA NA MTAALA: FANYA

Ukivutiwa na shule ya kimataifa ya Dar inayofuata mitihani ya Cambridge, uliza mapema mtoto atarudije kwenye mfumo wa hapa. Cheti cha nje hupelekwa NECTA kulinganishwa kabla hajaendelea na kidato cha tano cha serikali. Familia ya mtumishi anayehamahama nchi hadi nchi inafaidika na mtaala huo. Mkulima wa Ngonga anayetaka mwanawe asome Sokoine au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hana haja ya kuzunguka huko.

Kama mtoto wako aliingia darasa la tatu Januari 2024, anza kutafuta nafasi ya kidato cha kwanza sasa. Kundi hilo, la mtaala mpya, linamaliza shule ya msingi darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho, na yote mawili yanaingia sekondari mwaka 2028. Uliza shule, Mbeya au Dar, imejiandaaje kupokea makundi mawili kwa mkupuo.

ADA NA MTAALA: USIFANYE

Usikubali kutajiwa ada kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini.

Usipange ada kwa bei ya kakao ya mwaka mzuri. Mwaka 2024 bei ilipaa dunia nzima, watu wakahamishia watoto shule za mamilioni. Mwaka uliofuata ikashuka, ada haikushuka. Tenga ada ya Januari pale pale mpunga unapovunwa katikati ya mwaka, uiweke benki kwa jina la mtoto. Ukingoja hadi Desemba utauza mpunga ungali shambani kwa bei ya mnunuzi. Ukikosa hata huyo, mtoto atarudishwa nyumbani Februari, akae Kyela wiki tatu huku wenzake wakimaliza sura mbili za hisabati, na akirudi atakuta kitanda chake kina mtu mwingine.