Kuteremka Bonde la Ufa kwa Pikipiki

Kutoka Makongeni, katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, hadi ukingo wa Bonde la Ufa si safari ndefu. Mwenye pikipiki hufuata Barabara ya Jogoo mpaka mjini, hushika Waiyaki Way, hupita Kikuyu, na hufika Rironi, ambako njia hugawanyika. Moja hupanda kwenda Limuru na kuendelea juu kwa juu kuelekea Naivasha. Ya pili, ile ya mkono wa kushoto, hushuka gengeni hadi Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu maana yake ni maji ya moto. Njia hii ya pili ndiyo ipendwayo na watembezi, maana mtu aliyepo ukingoni huona bonde lote limetandazwa chini yake, na Mlima Longonot wenye urefu wa meta 2,776 umesimama katikati. Na ndiyo njia ambayo yafaa kujifunza desturi zake kabla ya kuiendea.

Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanya kazi wa reli, na watu wa reli walipambana na genge hili zamani kabla ya pikipiki kuwapo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Ilipofika ukingoni, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwa muda, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha kujengwa. Mafundi wale walifahamu kwamba kitu kizito kikishuka mlima hakifai kuachwa kijiendee, kisha kikamatwe mbele kwa breki. Barabara ya magari ilifuata baadaye, ikajengwa na wafungwa wa vita Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali kando ya barabara, chini ya genge.

Mwendeshaji wa pikipiki hana kamba. Kinachomzuia ni injini. Kabla ya kuanza mteremko apunguze mwendo, aingize gia ya pili au ya tatu, na aachie mafuta. Injini itanguruma, lakini itashikilia gurudumu la nyuma na kuzuia mwendo usizidi. Kanuni ya zamani ya madereva yasema kuwa gia ifaayo kupandia mlima ndiyo ifaayo kuushukia, na bado ni kanuni njema.

Wako wanaofanya kinyume. Hutoa gia, au huzima injini kabisa, ili kuokoa petroli. Hesabu yao ni mbaya. Pikipiki ndogo ya kazi huenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja, basi mteremko wa kilomita 10 hauwezi kumwokolea mtu zaidi ya robo lita. Na gharama yake ni hii: pikipiki pamoja na mpandaji, tuseme kilo 190, ikishuka meta 500 hutoa nguvu ambayo, ikigeuka kuwa joto lote, yatosha kuchemsha lita tatu za maji baridi. Akipakia abiria, joto huzidi. Ikiwa injini imefungwa katika gia, sehemu kubwa ya nguvu hiyo humezwa na injini, ambayo imetengenezwa kustahimili moto. Ikiwa haimo katika gia, karibu yote huangukia breki. Breki za dramu zikipata moto mwingi hulegea. Mtu hukanyaga, na pikipiki haisimami. Jambo hilo mara nyingi hutokea chini ya mteremko, ambako malori yamepunguza mwendo.

Basi breki zitumike kwa kushika na kuachia, zote mbili pamoja, zipate nafasi ya kupoa. Mwendo nao upimwe kwa akili: aendaye kilomita 80 kwa saa huhitaji nafasi mara nne ya aendaye 40 ili breki zimsimamishe, na mteremko huongeza nafasi hiyo.

Kona zina somo lake. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia, pikipiki ingali imesimama wima, wala si katikati ya kona ikiwa imelala. Macho yatazame mwisho wa kona, kwa kuwa pikipiki huelekea yatazamapo macho. Anayekodolea macho ukuta wa daraja huenda akaufikia. Kwa kuwa Kenya watu hupita kushoto, kona ya kushoto humsukuma aliyezidisha mwendo kuvuka mstari na kuingia upande wa malori yapandayo. Kona ya kulia ina hila nyingine: magurudumu yaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa cha aliyeinama kikiwa ng'ambo yake. Aidha, malori humwaga dizeli na oili penye kona, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huyaeneza yakawa utelezi mtupu.

Kuhusu mvua, mtu asiende wakati wa masika makubwa bila kuuliza habari za njia. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu, yakachukua nyumba na kuua watu wengi.

Kurudi ni kazi nyepesi kwa breki, nzito kwa injini. Hewa ya huko juu ni nyembamba, na pikipiki ndogo yenye watu wawili itapanda polepole. Isilazimishwe kuyapita malori mahali pasipoonekana mbele. Limuru ni juu kupita meta 2,000, na mara nyingi ukungu hufunika njia asubuhi na jioni. Koti zito na glavu zichukuliwe hata kama jua linawaka Makongeni, kwa maana vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Mwenye kuondoka Mai Mahiu saa tisa alasiri atavuka ukingo kabla ya giza.