Jiko la Mkaa Chumbani

Swali: Daktari, huku Njombe baridi ya Julai ni kali. Usiku tunaingiza jiko chumbani makaa yakishakolea na moshi umekwisha. Asubuhi mke wangu, ambaye ni mjamzito, huamka na kichwa kinachomuuma na kichefuchefu. Ni mimba tu?

Jibu: Ndugu yangu, jiko hilo lisilale ndani tena, kuanzia leo. Makaa yaliyokolea hayana moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa oksijeni ingawa mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala hajui kwamba anazidiwa. Ndiyo maana wapo wanaokutwa wamekufa kitandani. Sufuria ya maji juu ya jiko, ambayo wengi huiamini, haiondoi gesi hii, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Oteni moto nje, kisha mlale na mablanketi mazito. Mkeo mpeleke hospitali leo hata akijisikia nafuu, na umweleze mganga habari ya jiko, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika zaidi kuliko mama.