Karagosi wa Soksi na Jukwaa la Kukunjwa: Kwa Walimu na Wazazi wa Micheweni

Mtoto anayenyamaza akiulizwa na mwalimu, pengine atamjibu ng'ombe wa soksi. Karagosi, yaani mtoto wa bandia anayechezeshwa kwa mkono, hakaripii wala hana haraka. Ndiyo maana huwafaa baadhi ya watoto wenye usonji au ulemavu wa akili. Huko Marekani, kipindi cha Sesame Street kilimwingiza kwenye televisheni karagosi Julia, mwenye usonji, mwaka 2017. Huku Micheweni, Pemba, zinatosha sindano, uzi na soksi kuukuu.

Chagua mnyama anayejulikana kijijini. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, na kuna popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani. Watoto watawatambua bila kuelezwa. Pembe kata kwenye katoni, manyoya tumia usumba wa nazi. Macho yatarizi kwa uzi. Usishone vifungo, kwani mtoto anayetia kila kitu mdomoni anaweza kupaliwa. Wapo wazazi wasiopenda sanamu ya mtu, na mnyama huenda akapunguza ubishi huo, ingawa ni vyema kuzungumza nao mapema, na mwalimu wa madrasa pia.

Kazi kubwa ni kumlinganisha karagosi na mtoto. Asiyeona apewe kwanza ampapase, pembe hadi mkia, ndipo hadithi ianze; kengele ndogo iliyoshonewa ndani ya kitambaa shingoni itamjulisha ng'ombe amesimama wapi. Kwa kiziwi, mdomo wa soksi unaofunguka na kufumba hausemi kitu. Mshonee karagosi mikono mipana, upitishe mikono yako mwenyewe humo, vidole vikiwa nje, uzungumze kwa lugha ya alama. Nyuma yako weka kitambaa kisicho na maua, cha rangi inayotofautiana na mikono yako, maana kanga ya marembo hupoteza ishara. Mwenye vidole vigumu mwekee karagosi kwenye kijiti, ukizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli hadi kijae kiganjani.

Jukwaa ni fremu tatu za mbao nyepesi zilizoungwa kwa bawaba, zinazokunjwa na kufungwa nyuma ya baiskeli. Dirisha lake liwe chini, mtoto aliyekaa mkekani au kwenye kiti cha magurudumu aweze kuchezesha pia. Msimu wa upepo wa kusi, miguu ya jukwaa iwekewe vifuko vya mchanga. Jua liwapige watazamaji mgongoni, lisiwachome machoni.

Onesho la dakika kumi lenye jambo moja, kama kunawa mikono, latosha; lirudie kesho. Kisha mwalimu atoke nyuma ya pazia, karagosi aingie mkononi mwa mtoto. Darasa ambalo mwalimu pekee ndiye anayechezesha limepata burudani tu.

Na kwa kuwa jukwaa linabebeka, lisingoje skulini. Kama jirani yako ana mtoto asiyetoka nje, omba ruhusa, ulisimamishe barazani kwao.